Sufuria Sita, Ua Mmoja

Karani wa sensa akibisha hodi anatafuta kaya, hatafuti nyumba. Kaya kwake ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Hesabu hiyo haina taabu ukiwa Masaki. Lakini mpeleke Magomeni au Temeke, kwenye nyumba ya vyumba sita, uone atakavyokuna kichwa.

Nyumba yenyewe unaijua: baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, halafu uani kuna jiko, choo na bafu. Ndiyo iliyojaza Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kwa Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Mwingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Ikafuata Ilala, na miaka ya 1950 ikawa zamu ya Magomeni. Serikali ya kikoloni ilipima viwanja, mtu akajenga mwenyewe kwa miti na udongo, juu akaezeka makuti au madebe yaliyokunjuliwa.

Mshahara wa kibarua siku hizo ulipigwa hesabu ya mwanamume mmoja, kana kwamba mkewe na watoto kule shamba wanakula upepo. Basi kijana wa Kizaramo au Kiluguru akija mjini alipanga chumba, sio nyumba. Na mwenye nyumba naye hakuwa tajiri. Alimaliza vyumba viwili, akapangisha kimoja, kodi ikainua cha tatu.

Sasa hebu tembea koridoni. Chumba cha kwanza mama na watoto wake, baba hayupo na hakuna anayeuliza. Cha pili ndugu wawili na binamu yao, wanalala kwa zamu. Cha tatu wachumba waliooana juzi. Ng'ambo, bibi na wajukuu walioletwa wasome. Wengine mke mdogo, mke mkubwa yuko mtaa wa pili. Cha mwisho mwenye nyumba. Kila mlango na sufuria yake, lakini mtoto akianguka uani anaokotwa na aliye karibu, na akitukana anachapwa na huyo huyo. Zamu ya kufagia ni ya wote. Ugomvi wa maji pia, jamani! Ukiandika riwaya ya Dar ukaisahau korido, mimi siamini umefika.

Mwenye nyumba mara nyingi alikuwa mwanamke, mjane au aliyeachika, aliyeweka akiba ya maandazi na pombe hadi akapata bati. Hapa ndipo historia yetu ya shule inaporuka. Tunakariri Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa akina mama wa TANU tangu 1955, halafu tunakimbilia kesi ya uhaini ya 1970. Katikati kuna Azimio la Arusha la Februari 1967, lililomkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Bibi Titi alilipinga sharti hilo, akajiuzulu Kamati Kuu. Kwenye makaratasi chumba cha kupangisha kilikuwa ubepari. Kwa mwanamke asiye na cheti wala pensheni, hicho chumba ndicho kilikuwa pensheni. Simtetei kila mwenye nyumba, wapo waliokuwa simba. Ila nadhani waliotunga sharti lile waliwaza maghorofa ya mjini, hawakuwaza uani.

Baadaye ukaja mradi wa viwanja wa miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni vikapimwa upya, huku Manzese ikichongewa barabara. Sinza wengi walianza na korido ile ile. Pesa ilipopatikana wakazungusha ukuta, wakatia geti, wapangaji wakahamishiwa vibanda vya nyuma. Ua ukawa maegesho ya gari.

Na Magomeni Kota? Zile nyumba za zamani za serikali zilibomolewa, wakazi wakakaa miaka wakingoja. Machi 2022 yakazinduliwa maghorofa kwa ajili ya familia 644, kila moja na jiko lake ndani na mlango wake. Agosti ya mwaka huo huo sensa ikapita. Karani alihesabu haraka huko: mlango mmoja, kaya moja. Mitaa ya jirani, penye korido, ilimbidi akae barazani aanze kuuliza nani anakula na nani.