Django, kuanzisha mradi wa

Django ni kiunzi huria cha kutengenezea tovuti kwa lugha ya Python. Kilizaliwa katika gazeti moja la Lawrence, Kansas, Marekani, kikatolewa kwa umma mwaka 2005. Novemba 2023 watumiaji wake walikutana Zanzibar katika DjangoCon Africa ya kwanza.

Mradi huanzia kwenye folda tupu. Amri `python -m venv mazingira` huutengea mradi nafasi yake, ili vifurushi vyake visigongane na vya mradi mwingine. Wengi wanaoanza huiruka hatua hii, na baadaye kuiruka huko huwasumbua. Nafasi ikishawashwa, `pip install django` husakinisha kiunzi, kisha `django-admin startproject duka .` huunda faili la `manage.py` na folda ya mipangilio. Ukiandika `python manage.py runserver` na kufungua 127.0.0.1:8000 kwenye kivinjari, roketi itaonekana: mradi umesimama.

Ndani ya `settings.py`, weka `LANGUAGE_CODE = 'sw'` na `TIME_ZONE = 'Africa/Dar_es_Salaam'`. Kiswahili kimo tayari, na inafaa kitumike tangu siku ya kwanza.

Kwa anayejifunzia Kibondo au Kasulu, mkoani Kigoma, Tanzania, bando likiwa ghali, intaneti inahitajika mara moja tu. `pip download django -d vifurushi` huhifadhi kila kitu kwenye folda inayobebeka kwa flashi. Kompyuta isiyo na mtandao husakinisha kwa `pip install --no-index --find-links vifurushi django`, ilimradi toleo la Python na mfumo endeshi vilingane na vya kompyuta iliyopakua.