Kutoka Ombolezo hadi Upendo na Malalamiko: Ukuaji wa Utunzi wa Eric Wainaina

Mpe mtahiniwa yeyote wimbo "Daima" wa Eric Wainaina aainishe, naye atakujibu mara moja kuwa ni wimbo wa kizalendo. Mpe "Nchi ya Kitu Kidogo", atasema ni wimbo wa kisiasa wenye kejeli. Majibu yote mawili yana alama. Hata hivyo, ukiuliza imekuwaje kinywa kimoja kikatoa nyimbo hizo mbili, darasa hunyamaza. Aghalabu sisi walimu hunyamaza pia, kwa kuwa tumezoea kuusoma wimbo mmoja mmoja kana kwamba hauna mwenyewe wala tarehe.

Makala haya yanapendekeza njia nyingine. Tuzisome albamu za mwimbaji kama tunavyozisoma diwani za mshairi: kwa mfuatano, huku tukiuliza ni nini kilichobadilika na ni nini kilichobaki. Hoja yangu ni hii: Wainaina alianza akiwa na sauti mbili, ya kuipenda nchi na ya kuilalamikia, kila moja ikikaa katika wimbo wake. Ukuaji wake ni safari ya kuzikutanisha sauti hizo hadi zikawa moja. Kwetu katika Bonde la Ufa la kati, hili si suala la mtihani tu, kama tutakavyoona.

Mwanzo: sauti bila ala, kisha ombolezo

Wainaina alizaliwa mwaka 1973. Alijulikana kwanza katika miaka ya 1990 akiwa mmoja wa kundi la Five Alive, vijana walioimba kwa kupatanisha sauti bila ala. Baadaye alikwenda chuo cha Berklee mjini Boston, Marekani, kusomea utunzi wa nyimbo na ufundi wa kurekodi. Mambo haya mawili ni muhimu kwa mhakiki. Anayeanza kwa sauti tupu hujifunza mapema kwamba neno lisilosikika vizuri limepotea, kwani hakuna gitaa la kulifunika. Na anayesomea utunzi hujifunza kuukata wimbo kama fundi akatavyo nguo: ubeti una kazi yake, na kibwagizo kina kazi yake.

Mwaka 1998 ulimletea umaarufu wa huzuni. Tarehe 7 Agosti ubalozi wa Marekani jijini Nairobi ulishambuliwa kwa bomu, na zaidi ya watu 200 wakapoteza maisha. Taifa lililokuwa likilia liliuchukua wimbo wake "Kenya Only" kuwa sauti yake. Hapa pana somo la fasihi simulizi lililo wazi: dhima ya wimbo haiamuliwi na mtunzi peke yake. Huamuliwa pia na muktadha wa uwasilishaji na hadhira inayoupokea. Wimbo unaweza kuingia nyumbani kwako kama wimbo wa kawaida ukatoka kama mbolezi.

Lakini tusisahau jambo moja la kwetu. Januari ya mwaka huohuo, miezi saba kabla ya bomu, watu waliuawa na nyumba zikachomwa katika ghasia za kikabila za Njoro na Laikipia. Waliofiwa huko hawakupata wimbo wa taifa zima wa kuwalilia. Mauti ya Nairobi yaliwaunganisha Wakenya kwa sababu adui alitoka nje. Mauti ya Njoro yalikuwa magumu kuimbiwa kwa sababu mwuaji na mwuawa walikuwa majirani. Swali la jinsi ya kuimba nchi inayojiumiza yenyewe lilibaki wazi, na ndilo linaloupima uzalendo wa mtunzi yeyote.

Sawa Sawa (2001): sauti mbili, nyimbo mbili

Albamu ya kwanza, Sawa Sawa, ilitoka mwaka 2001, na "Nchi ya Kitu Kidogo" ukawa gumzo kila mahali. Tazama kwanza anwani yenyewe. "Kitu kidogo" ni tasfida ya hongo, sawa na "chai". Kila Mkenya huielewa bila kuelezwa. Tasfida kwa kawaida hulainisha jambo chungu, lakini mtunzi ameigeuza: ameitoa mafichoni na kuitundika juu ya nchi nzima kama kibao cha barabarani. Kilichobuniwa kuficha aibu sasa kinaitangaza. Hicho ndicho kinaya.

Pili, zingatia nomino aliyoichagua. Hakusema serikali ya kitu kidogo, wala polisi wa kitu kidogo. Alisema nchi. Anayetoa na anayepokea wote wamo ndani. Kikulacho ki nguoni mwako. Tatu, mdundo wake unachezeka. Msikilizaji hujikuta akitikisa kichwa kabla hajatambua kwamba anayeimbwa ni yeye. Mtahiniwa anayeandika "wimbo unaikashifu serikali" amesoma nusu yake tu.

Wakubwa wa wakati ule waliielewa hiyo nusu vizuri. Mwaka huo wa 2001, Wainaina akiwa jukwaani mbele ya Makamu wa Rais wa wakati huo, waandalizi walijaribu kuukatiza wimbo. Mwaka uliofuata, Desemba 2002, wapigakura waliiondoa KANU madarakani baada ya takriban miaka 40.

Katika miaka hiyohiyo ya mwanzo ulisikika pia "Daima". Humo nafsineni ni "mimi" anayetoa kiapo cha uraia. Toni ni ya utulivu na imani. Wimbo huu haukukatizwa na mtu. Ulipokelewa shuleni, katika vyombo vya habari na katika sherehe za kitaifa hadi ukawa kama ndugu mdogo wa wimbo wa taifa. Basi ona, msomaji: mtunzi ni yuleyule na wakati ni uleule, ila wenye mamlaka walipenda kusikia kwa sikio moja. Kiapo kilikaribishwa na lawama ikafungiwa mlango. Na kwa kuwa zilikuwa nyimbo mbili tofauti, ilikuwa rahisi kuzitenganisha.

Twende Twende (2006): mwendo na hadithi

Albamu ya pili, Twende Twende, ilitoka mwaka 2006. Matumaini ya 2002 yalikuwa yamepungua, kwani serikali mpya nayo ilikuwa imekumbwa na kashfa ya Anglo Leasing. "Nchi ya Kitu Kidogo" ulikuwa umeishi muda mrefu kuliko serikali iliyouchukia, na huo ni uthibitisho kwamba mtunzi hakukosea aliposema "nchi".

Anwani ya albamu hii ni kitenzi kilichorudiwa, tena katika nafsi ya kwanza wingi. Takriri hiyo ni rai: tusisimame. Mwalimu anaweza kuilinganisha na anwani ya kijikaratasi kilichomtia Abdilatif Abdalla gerezani kuanzia 1969 hadi 1972, yaani Kenya: Twendapi? cha mwaka 1968. Sidai kwamba mmoja alikuwa akimjibu mwingine. Nasema tu kwamba kitenzi ni kilekile: mmoja amekiuliza kwa balagha, mwingine amekitumia kuhimiza. Kati ya swali na himizo hilo kuna karibu miaka 40 ya historia yetu.

Katika kipindi hiki pia Wainaina alipanuka kutoka wimbo hadi mchezo wa jukwaani unaosimuliwa kwa nyimbo. Mo Faya, unaosawiri mtaa wa mabanda, ulifika New York mwaka 2009. Aidha ametunga mchezo wa namna hiyo kutokana na mighani ya Lwanda Magere, shujaa wa Waluo ambaye wanafunzi wetu wanamfahamu. Faida ya hatua hii kwa utunzi wake ni kubwa. Katika wimbo mmoja, nafsineni ni moja. Katika mchezo, mtunzi hulazimika kumpa kila mhusika haki ya kusema, hata asiyempenda. Mtunzi aliyepitia shule hiyo harudi kuimba kwa sauti moja kama zamani.

Januari 2008: kiapo chaulizwa

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2007. Ghasia zilizofuata ziliua zaidi ya watu 1,100 nchini. Nakuru na Naivasha ziliwaka mwishoni mwa Januari 2008, na uwanja wa maonyesho wa Nakuru ukajaa mahema ya waliofukuzwa makwao. Redio na televisheni zilicheza "Daima" kuwasihi watu wakumbuke kuwa wao ni wamoja.

Fikiria maneno ya kiapo yakiingia ndani ya hema. Kwa aliye salama, wimbo ule ulikuwa faraja. Kwa aliyefukuzwa Molo mwaka 1992 na akafukuzwa tena 2008, kila tamko la uraia lilikuwa swali: je, mwenzangu anayeimba nami anakubali kuwa nami ni wa hapa? Mwenye kovu usidhani kapoa. Hapo ndipo tunapoona kwamba kiapo kisicho na lawama ndani yake huwa chepesi mno mahali palipomwagika damu. Wimbo haukubadilika hata neno. Mzigo wake ndio uliobadilika.

Love + Protest (2011): sauti moja

Albamu ya tatu, ya mwaka 2011, inaitwa Love + Protest, yaani upendo pamoja na malalamiko ya hadharani. Mtunzi ameweka alama ya kujumlisha kati ya maneno hayo mawili. Hakuandika "au", wala hakuandika "kisha". Yale yaliyokaa katika nyimbo mbili za mwanzo sasa yamefungwa kwenye jalada moja, na hakuna afisa awezaye kuchukua nusu na kuiacha nusu.

Mfano wa mbali utatusaidia. Bob Dylan wa Marekani alisifiwa kwa nyimbo za malalamiko mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha kufikia 1965 alikuwa ameshika gitaa la umeme na kuziacha nyuma. Wengi huuita mwachano huo ukuaji. Ukuaji wa Wainaina ni wa aina nyingine: hakuacha kitu, alijumlisha.

Darasani

Mwalimu mwenzangu, wape wanafunzi kazi hizi tatu. Kwanza, wapange nyimbo kwa miaka na waandike kando ya kila wimbo tukio moja la nchi. Pili, waonyeshe mabadiliko ya nafsineni na toni kwa kutoa ushahidi kutoka kwenye wimbo wenyewe, kwani hoja isiyo na mfano haipati alama. Tatu, wajadili: je, anayeilalamikia nchi yake haipendi?

Nawe mtahiniwa, usiogope kuandika kwamba wimbo mmoja ni wa kizalendo na wa kulalamika kwa wakati mmoja, mradi uthibitishe. Mnamo Juni 2024 vijana walioandamana dhidi ya Mswada wa Fedha, katika barabara za Nakuru na miji mingine, walibeba bendera ya taifa. Hawakuiona bendera na lawama kuwa vitu viwili. Mwimbaji alifika hapo kwa albamu tatu. Mhakiki naye afike.