Mbale, si Matabaka: Istilahi ya CT na Saratani ya Kibofu

Istilahi ya CT, ambayo wagonjwa na wauguzi wa Afrika Mashariki huitamka siti skani pasipo kuifasiri, ni ufupisho wa jina lenye sehemu mbili: herufi ya kwanza husimama badala ya kompyuta, na ya pili badala ya tomografia, neno lililoundwa kutokana na Kigiriki, ambamo tomos ni kipande kilichokatwa na graphein ni kuandika au kuchora. Skani ni nyongeza tu, lakini ndiyo sehemu ya jina iliyoota mizizi katika mazungumzo, ilhali wazo lenyewe la kukata limefichwa ndani ya herufi moja isiyomwambia msomaji wa Kiswahili lolote.

Wazo hilo la kukata ndilo linalotenganisha CT na eksirei ya kawaida. Eksirei hupitisha mionzi kutoka upande mmoja wa mwili na kuacha upande wa pili kivuli kimoja, ambamo mifupa, utumbo na kibofu cha mkojo vimelaliana. Chombo cha CT huzungusha chanzo cha mionzi kumzunguka mgonjwa, hupima mionzi hiyo imepungua kiasi gani katika kila mwelekeo, kisha kompyuta hukokotoa vipimo hivyo na kujenga picha ya ubale mmoja wa mwili, kana kwamba mwili ni mkate wa boflo, slesi moja imetolewa na kulazwa mezani. Msingi wa hesabu zake ulitafitiwa na mwanafizikia Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, na mhandisi Mwingereza Godfrey Hounsfield akaunda mashine iliyotumiwa kwa mgonjwa wa kwanza mwaka 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley, London; wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979. Kipimo cha weusi na weupe wa picha hizo hubeba jina la Hounsfield: maji ni 0, hewa ni -1000, na mfupa mgumu hupanda hadi 1000 na zaidi.

Tafsiri inayokuja haraka mdomoni ni picha za matabaka. Inasikika vizuri, lakini ina kasoro kubwa, kwa sababu tabaka ni kitu kilichopo chenyewe, kama tabaka la udongo au la jamii, ilhali kipande cha CT hakikuwapo mwilini kabla ya mashine kukikata kwa hesabu. Neno lifaalo zaidi ni ubale, kwa wingi mbale, ambalo Waswahili hulitumia kwa kipande chembamba kilichokatwa, kama mbale za muhogo. Picha za mbale husema wazi kwamba kuna kukata, na kwamba kukata huko kuna unene, ambao kwa mashine za leo unaweza kuwa milimita moja hivi.

Kwa saratani ya kibofu, uteuzi huu wa neno si suala la ufasaha peke yake. Ukuta wa kibofu una matabaka kwa maana halisi: utando wa ndani unaogusana na mkojo, tishu laini iliyo chini yake, kisha misuli, na nje kabisa mafuta. Matibabu hutegemea mno iwapo uvimbe umebaki juu ya misuli au umeingia ndani yake, na hilo ndilo jambo ambalo CT hushindwa kulitambua kwa uhakika. Huonyesha vizuri uvimbe uliokwisha kupenya hadi kwenye mafuta au viungo jirani, pamoja na tezi za limfu zilizovimba. Lakini anayeambiwa kwamba amepigwa picha za matabaka atadhani kwamba matabaka ya kibofu chake yameonekana.

Kipimo chenyewe hufanywa kwa awamu, mara nyingi kwa sababu ya damu kwenye mkojo, hasa damu isiyoambatana na maumivu. Kwanza hupigwa picha bila dawa, ili mawe yaonekane. Kisha huchomwa mshipani kontrasti, yaani dawa yenye iodini inayozuia mionzi, baada ya figo kuthibitishwa kwamba zinaweza kuihimili. Dakika 10 hivi baadaye figo huwa zimeishusha kibofuni, na katika ubale wa nyonga kibofu huonekana kama duara jeupe, ambamo uvimbe hujitokeza kama pengo la kijivu lililong'ata ukingo wa weupe huo. Kwa kuwa dawa ni nzito kuliko mkojo, hutuama upande wa mgongo, na mgonjwa anaweza kuombwa ajigeuze ili ichanganyike, la sivyo uvimbe ulio upande wa mbele utabaki bila weupe wa kuuonyesha. Saratani iliyojitandaza juu ya utando bila kuinuka haiachi pengo lolote. Kwa hiyo picha safi haitoshi kumruhusu mgonjwa aende zake, na sistoskopi, yaani kuchungulia kibofu kwa kamera inayopitishwa katika njia ya mkojo, bado ni ya lazima.

Ugumu huzidi palipo na kichocho cha mkojo, kama Pemba, Unguja na kanda ya Ziwa Viktoria. Mayai ya minyoo ya kichocho hicho, ambayo mwaka 1994 iliorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, hunasa katika ukuta wa kibofu na kugeuka chokaa, hata katika picha ya kabla ya dawa kibofu kikazungukwa na utepe mweupe. Ukuta mnene wa namna hiyo unaweza kuwa kovu, uvimbe, au vyote viwili, na ubale wa picha hauamui. Daktari hukwangua kipande cha ukuta kupitia njia ya mkojo na kukipeleka maabara, ambako hukatwa kwa mikrotomu, chombo chenye mzizi uleule wa tomos katika jina lake, kuwa mbale za mikromita chache, na chini ya hadubini matabaka husomwa, moja baada ya jingine, hadi ijulikane kama seli za saratani zimefika kwenye misuli.