Neno Lililozaliwa Zizini

Maneno mengi ya sayansi yametoka katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, na mwanafunzi ayasikiapo mara ya kwanza huyaona magumu. Lakini asili yake ikichunguzwa, mara nyingi huonekana kuwa yalianza katika mambo ya kila siku. Neno moja la namna hiyo ni "vaksini". Limetokana na "vacca", na maana ya "vacca" ni ng'ombe tu.

Katika karne ya 18 ndui ilikuwa maradhi ya kuogofya. Wengi waliopatwa nayo walikufa. Wengine walipofuka, au walibaki na makovu usoni maisha yao yote. Katika mashamba ya Uingereza watu walisema kwamba mkama ng'ombe aliyekwisha kupata ndui ya ng'ombe, maradhi hafifu yatokayo kwenye viwele, hapatwi na ndui ya watu. Tabibu Edward Jenner wa Berkeley hakuyadharau maneno hayo ya wakulima. Tarehe 14 Mei, 1796, alitwaa usaha katika mkono wa mkama maziwa, Sarah Nelmes, akamchanja nao mtoto wa miaka 8, James Phipps. Mwezi wa Julai alimchanja tena, safari hii kwa ndui yenyewe, jambo ambalo sheria za utabibu za leo zisingeliruhusu. Mtoto hakuugua. Mwaka 1798 Jenner alitoa kitabu, akaiita ndui ya ng'ombe kwa Kilatini "variolae vaccinae". Katika neno hilo la pili ndimo lilimotoka jina la kinga yenyewe.

Wako waliolifahamu vibaya. Mwaka 1802 James Gillray alichora picha ya dhihaka, ikionyesha watu waliochanjwa wakiota ng'ombe mwilini, na wengi walikuwa na hofu ya namna hiyo kwa kweli. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba asili ya jina ndiyo maana yake yote.

Neno halikukaa zizini. Louis Pasteur wa Ufaransa alipata kinga ya kipindupindu cha kuku na ya kimeta, nazo hazikutokana na ndui ya ng'ombe. Hata hivyo, mwaka 1881, katika mkutano wa matabibu mjini London, alitaka jina lile lile litumike kwa kinga zote za aina hiyo, kwa kumheshimu Jenner. Ndiyo sababu leo twasikia vaksini ya surua na ya pepopunda.

Sisi twasema "chanjo", kutokana na kuchanja, yaani kutia mkato, kama mtu achanjavyo kuni. Kilatini kilimtazama mnyama; Kiswahili kilitazama kazi ya mkono wa tabibu. Neno letu nalo limekua: mtoto apewapo matone ya polio mdomoni, twasema amepata chanjo, ingawa hapana wembe uliomgusa. Maneno yote mawili sasa yana maana moja: kuufundisha mwili kuyatambua maradhi kabla hayajaja.

Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui nje ya maabara alikuwa jirani yetu, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, mwaka 1977. Alipona, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imekwisha ulimwenguni. Baadaye Maalin aliwahimiza wazazi wa Somalia wawapatie watoto wao chanjo ya polio, mpaka alipofariki mwaka 2013.

Basi, mwanafunzi, ukikutana na neno geni, uliza mambo mawili: limetoka wapi, na leo lafanya kazi gani? Jibu la kwanza litakupa historia, la pili litakupa maana. Asiyeyatenganisha hayo mawili ataogopa pembe zisizokuwapo.