Maji Kabla ya Kiu

Neno terekeza siku hizi halisikiki, ila kwa sisi wachache tunaopenda habari za misafara ya zamani. Katika karne ya 19 lilikuwa neno la uhai kwa wapagazi waliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Baina ya Mpwapwa na Ugogo palikuwa na pori kavu lililoitwa Marenga Mkali, yaani maji makali, ambalo upana wake ulikaribia maili 30. Burton na Speke walilivuka mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871. Msafara uliofika hapo haukuondoka alfajiri kama kawaida. Watu walikula, wakanywa mpaka wakatosheka, wakajaza vibuyu, ndipo wakaondoka mchana. Walitembea mpaka usiku, wakalala pakavu, wakaamka kabla ya mapambazuko ili wayafikie maji ya upande wa pili jua halijawa kali. Hiyo ndiyo terekeza.

Wapagazi hao hawakusoma elimu ya viungo vya mwili, lakini walijua kwamba maji hunywewa kabla ya kiu. Kiu huja mwili ukiwa umekwisha kuanza kupungukiwa. Kwetu sisi wazee hata hiyo kiu hufifia, na mtu anaweza kukauka huku akisema hataki maji. Kichwa huuma, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, figo hutaabika, na akili huanza kuchanganyika. Na hapa Dodoma pana hila nyingine: upepo wetu mkavu hulikausha jasho kabla hujaliona, ukadhani hukutoka jasho. (Mwenye maradhi ya moyo au figo na amsikilize daktari wake kuhusu kipimo.)

Baada ya Marenga Mkali msafara uliingia Ugogo, na huko watemi walitoza hongo ya nguo na shanga. Wageni wa Kizungu waliandika malalamiko mengi juu ya hongo hiyo. Mimi naona wenyeji walikuwa na haki. Kisima kilichochimbwa kwa mikono kwenye mchanga wa korongo kilikuwa cha watu na ng'ombe wao, na wakati wa kiangazi msafara wa mamia ya watu uliweza kukimaliza kwa siku moja.

Mwaka 1971 Serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi umbali usiozidi mita 400. Mwaka 1991 ulifika, na vijiji vingi vya Ugogo vilikuwa bado vikifuata korongo. Katikati ya safari hiyo ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Nilikuwa mwalimu kijana, nimetoka chuo cha ualimu si siku nyingi, nikaongoza kikundi chini ya mbuyu. Tulifundisha kuchemsha maji ya kunywa. Mama mmoja akauliza, "Mwalimu, ndoo moja naifuata toka jogoo la kwanza. Nikiichemsha, nani atakunywa na nani ataoga?" Kitabu cha kampeni hakikuwa na jibu, nami sikumtungia.

Nilipokuwa mkuu wa shule nililikumbuka swali lile. Wanafunzi wengi, wasichana hasa, waliteka maji kabla ya shule na wao wenyewe hawakunywa, kwani ya nyumbani yalikuwa na hesabu yake. Ikifika saa nne vichwa viliwauma, na walimu wakawaita wavivu. Tuliweka mapipa kivulini, kila mtoto akanywa kikombe kabla ya somo la kwanza. Kulala darasani kulipungua, ingawa hakukwisha, maana njaa nayo ilikuwapo.

Leo mji wa Dodoma hutegemea sana visima virefu vya Makutupora, na tangu Serikali ihamie huku watu wameongezeka mno, hata maji huja kwa mgao. Jirani yangu, bibi aliyepita miaka 80, ana bomba uani. Ukimpa kikombe hunywa nusu, na nusu huirudisha mtungini, kwa ajili ya watoto wakirudi.