Wasagaji katika Ufeministi wa Kiradikali: Kutoka New York hadi Nairobi

Msomi wa Butembo au Beni huzipata habari za ufeministi kwa Kifaransa, naye akitaka kuzieleza kwa Kiswahili hukwama mapema kwenye neno moja. Lugha ya pwani inalo: msagaji, litokanalo na kitenzi kusaga. Ni neno zito, mara nyingi la matusi. Tunalitumia kwa kuwa ndilo lililopo, bila kukubali dharau yake. Gill Shepherd, katika uchunguzi wake juu ya Mombasa uliochapishwa mwaka 1987, alionyesha kwamba huko usagaji ulifungamana na mali na cheo. Wanaradikali wa ng'ambo waliutazama kwa jicho jingine kabisa.

Ufeministi wa kiradikali, uliozuka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960, ulidai kwamba mzizi wa kuonewa kwa mwanamke ni utawala wa mwanamume, hata ndani ya ndoa. Mtu angetegemea dai hilo limpe msagaji nafasi ya heshima. Haikuwa hivyo. Mwaka 1969 Betty Friedan, kiongozi wa chama cha NOW (ambaye, tukumbuke, hakuwa mwanaradikali), aliwaita wasagaji tishio la rangi ya zambarau, akihofia wangeiharibia harakati sifa yake. Tarehe 1 Mei 1970, mjini New York, taa za ukumbi wa kongamano la wanawake zilizimwa ghafula. Zilipowashwa, wasagaji walikuwa wamesimama, wamevaa fulana zenye tusi lile lile. Waraka waliougawa ulieleza kwamba jina hilo hutupiwa mwanamke yeyote anayevuka mpaka aliowekewa, ili anyamaze. Mwaka 1971 NOW ilikiri kwamba haki zao ni haki za wanawake.

Kukubaliwa huko kulizaa swali gumu zaidi: je, anayeishi na mume aweza kuwa mfeministi kamili? Huko Paris, jarida la Questions féministes, lililoanzishwa mwaka 1977, lilivunjika mwaka 1980 kwa ugomvi huo, uliochochewa na makala za Monique Wittig. Christine Delphy na Simone de Beauvoir walianzisha jarida jipya mwaka 1981. Kabla ya hapo, mwaka 1977, Combahee River Collective ya Boston, kundi la wafeministi weusi wakiwamo wasagaji, lilikwisha kukataa kujitenga na wanaume, kwa kuwa ubaguzi wa rangi uliwaonea wote. Kwetu sisi wa Kivu hoja hii ndiyo yenye uzito: mwanamke anayekimbia vita pamoja na kaka yake hawezi kumhesabu kaka huyo kuwa adui tu.

Mjadala ulifika Afrika Mashariki Julai 1985, mashirika ya wanawake yalipokutana katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Wasagaji walikaa nyasini, wakijibu maswali ya waliosema kwamba jambo hilo ni la Wazungu. Katika mkutano rasmi wa serikali, Annelien Kappeyne van de Coppello wa Uholanzi alizitetea haki zao. Miaka 10 baadaye, mjini Beijing, mtetezi alikuwa Mwafrika: Palesa Beverley Ditsie wa Soweto, aliyehutubia mkutano tarehe 13 Septemba 1995. Hata hivyo, maneno yaliyotaja mwelekeo wa kijinsia yaliondolewa katika azimio kabla halijapitishwa.