Kiwanda cha sukari TPC na deni la maji ya Kilimanjaro

KATIKA tambarare za Arusha Chini, yapata kilomita 20 kusini mwa mji wa Moshi, mvua ya mwaka wa kawaida haizidi sana milimita 500. Muwa huhitaji zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho ili ukomae vizuri. Hata hivyo, ni hapo hapo palipo na mojawapo ya mashamba makubwa ya miwa nchini, pamoja na kiwanda cha sukari cha TPC, ambacho kwa miongo mingi kimekuwa miongoni mwa waajiri wakubwa katika Mkoa wa Kilimanjaro.

Siri ya jambo hilo iko upande wa kaskazini, mlimani. Misitu ya miteremko ya kusini ya Kilimanjaro hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Sehemu ya maji hayo hushuka kwa mito kama Weru Weru na Karanga, ambayo huingia katika Mto Kikuletwa unaopokea pia maji ya Mlima Meru. Sehemu nyingine huzama ardhini na kuibuka chini kama chemchemi, au kuvutwa kwa visima virefu. Kwa hiyo sukari ya Arusha Chini ni zao la mlima kama ilivyo zao la tambarare.

Hii ndiyo sababu wajibu wa kimazingira wa kiwanda cha namna hii hauwezi kupimwa kwa kuangalia bomba lake la moshi pekee. Una pande mbili: jinsi kinavyotumia mabaki yake, na jinsi kinavyotumia maji. Upande wa kwanza humlipa mwenye kiwanda. Upande wa pili huwafaa zaidi watu wasio na hisa hata moja, yaani wakulima, wavuvi na wakazi walio chini ya mto. Hapo ndipo ulipo mtihani.

Kutoka Denmark hadi Mauritius

Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1930 kwa jina la Tanganyika Planting Company, jina lililozaa kifupi cha TPC. Mwanzilishi wake alikuwa A.P. Møller, mfanyabiashara mashuhuri wa meli kutoka Denmark. Baadaye ilikuja kuwa mali ya Serikali ya Tanzania, na katika miaka ya 1990 uzalishaji wake ulidorora kama ilivyokuwa kwa mashirika mengi ya umma ya wakati huo.

Mwaka 2000 kampuni ilibinafsishwa. Asilimia 75 ya hisa zilichukuliwa na wawekezaji wenye mizizi katika visiwa vya Mauritius na Réunion kupitia kampuni ya Sukari Investment, na asilimia 25 zikabaki Serikalini. Wakati huo kiwanda kilikuwa kikizalisha chini ya tani 40,000 za sukari kwa mwaka. Katika muongo wa 2010 uzalishaji ulivuka tani 100,000.

Miliki ya kampuni ina ukubwa wa takriban hekta 16,000, na karibu nusu yake hulimwa miwa. Sukari iliyoongezeka ina maana ya miwa iliyoongezeka, na miwa iliyoongezeka ina maana ya mabaki mengi zaidi na mahitaji makubwa zaidi ya maji.

Mabaki yanayogeuka umeme

Tani moja ya miwa inapopita kwenye kinu hutoa wastani wa kilo 100 za sukari. Kinachobaki ni kingi zaidi: makapi yanayokaribia kilo 300, molasesi zipatazo kilo 40, na tope la kuchujia juisi. Sehemu kubwa iliyosalia ni maji, kwa kuwa muwa wenyewe ni maji kwa takriban asilimia 70.

Zamani makapi yalionekana kuwa kero. Viwanda vingi duniani viliyachoma ili kuyaondoa tu. Leo ndiyo nishati ya kiwanda. Makapi huingizwa kwenye boila, mvuke wa msukumo mkubwa ukazungusha mitambo ya kufua umeme, kisha mvuke uliopungua nguvu ukapelekwa kuchemsha juisi ya miwa. Kwa njia hiyo fueli moja hufanya kazi mbili, na kiwanda hakilazimiki kununua mafuta mazito wala kukata kuni msituni.

Mauritius ilitangulia katika teknolojia hiyo, na haishangazi kwamba wawekezaji kutoka huko waliipa kipaumbele Arusha Chini. TPC ilijenga uwezo wa kufua umeme unaozidi mahitaji yake, na mwishoni mwa miaka ya 2000, baada ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (Ewura) kuweka utaratibu wa wazalishaji wadogo, iliingia mkataba wa kuiuzia Tanesco umeme wa ziada usiozidi megawati 9.

Kiasi hicho ni kidogo kwa gridi ya Taifa, lakini wakati wake una thamani. Kiwanda husimama wakati wa masika, ambapo magari hayawezi kupita mashambani, na hufanya kazi katika miezi ya kiangazi ambapo mabwawa ya umeme hupungukiwa maji. Watanzania wanaokumbuka mgawo mkali wa umeme wa mwaka 2006, uliosababishwa na ukame, wataelewa faida ya chanzo kisichotegemea kina cha bwawa.

Tope la kuchujia na majivu ya boila hufaa kurudishwa shambani kama mbolea. Molasesi hutumika kutengeneza spiriti na kulishia mifugo, ingawa nayo huhitaji uangalizi: utengenezaji wa lita moja ya spiriti huacha lita 10 au zaidi za majitaka mazito. Majitaka hayo yakimwagwa mtoni bila kutibiwa, vijidudu vinavyoyaozesha humaliza hewa ya oksijeni na samaki hufa.

Yote hayo ni mafanikio ya kweli. Lakini yana sifa moja inayoyafanya yawe mepesi kutekelezwa: yanalipa. Meneja yeyote makini atayafanya hata kama hakuna mkaguzi anayebisha hodi.

Maji yaliyookolewa huenda wapi?

Suala la maji ni gumu zaidi. Katika umwagiliaji wa mifereji, ni takriban asilimia 60 tu ya maji yanayotolewa kwa shamba ambayo huufikia mmea. Kwa mitambo ya kunyunyizia kiwango hicho hupanda hadi asilimia 75 hivi, na kwa umwagiliaji wa matone hukaribia asilimia 90. Ndiyo maana mashamba makubwa ya miwa katika nchi kavu huelekea kwenye njia hizo.

Kuna sababu nyingine ya kutomwagilia kupita kiasi. Udongo wa tambarare za chini ya Moshi una sehemu nyingi zenye chumvi na magadi. Maji yakizidi, kina cha maji ya ardhini hupanda na kuleta chumvi hadi kwenye mizizi. Jua linapokausha uso wa ardhi, maji hupaa na chumvi hubaki. Shamba la namna hiyo huhitaji mitaro ya kutoa maji sawa na linavyohitaji mifereji ya kuyaingiza. Anayemwagilia ovyo hupoteza maji leo na ardhi kesho.

Swali la msingi, hata hivyo, ni maji yaliyookolewa huenda wapi. Iwapo kampuni itaokoa theluthi ya maji yake kisha ikayatumia kupanua shamba, ripoti yake itaonyesha ufanisi, lakini mto hautapata hata tone la ziada. Aidha, maji yanayoonekana kupotea kwenye mfereji wa udongo si lazima yawe yamepotea. Mengine huzama na kuibuka katika kisima cha jirani. Kwa hiyo kipimo cha haki si lita kwa kila tani ya sukari pekee. Ni kiasi kinachoachwa mtoni mwezi wa Januari na Februari, kabla ya masika.

Walio chini ya mto wanajua uzito wa jambo hilo. Kikuletwa na Ruvu hukutana katika Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa katika miaka ya 1960, lenye uvuvi na mtambo wa umeme wa megawati 8. Kutoka hapo Mto Pangani huendelea hadi mitambo ya Hale, yenye megawati 21, na New Pangani Falls, yenye megawati 68, iliyokamilika mwaka 1995. Mto humalizikia mji wa Pangani, ambako kupungua kwa maji baridi kumeruhusu maji ya chumvi kupanda ndani ya mlango wa mto.

TPC si mtumiaji pekee. Juu yake kuna mifongo, mifereji ya jadi ya Wachagga ambayo kwa karne nyingi imepeleka maji kwenye vihamba vya migomba na kahawa. Kuna wakulima wa mpunga wa Lower Moshi, mradi uliojengwa kwa msaada wa Japani na kuanza kazi mwaka 1987, ambao baadaye ulipungukiwa maji baada ya wakulima wa juu nao kuanza kulima mpunga. Kuna pia mji wa Moshi wenyewe, unaotegemea chemchemi. Katika foleni hiyo kila mmoja humwona aliye juu yake kuwa ndiye mkosaji.

Msitu kabla ya barafu

Mara nyingi husemwa kwamba barafu ya Kibo ikiisha, mito nayo itakauka. Barafu imepungua sana ni kweli: takriban asilimia 85 ya eneo lililofunikwa mwaka 1912 lilikuwa limetoweka kufikia mwaka 2007. Lakini mchango wa barafu katika mito ya Kilimanjaro ni mdogo mno. Chanzo kikuu ni msitu, unaopokea mvua, kukinga ukungu na kuachia maji polepole.

Mioto iliyoteketeza misitu ya mwinuko wa juu imepunguza uwezo huo wa kukinga ukungu. Uchunguzi wa anga uliofanyika mwaka 2001 ulionyesha ukataji mkubwa wa miti ya asili, ikiwamo mikamfa, na mwaka 2005 msitu wote wa hifadhi uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Kwa kiwanda kilicho tambarare, mti uliosimama mlimani ni sehemu ya mtambo, ingawa haumo katika vitabu vya hesabu.

Sheria inasemaje

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi nchini haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Inaelekeza tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla ya mradi kuanza, na ukaguzi kwa miradi inayoendelea. Inasisitiza kwamba mchafuzi ndiye alipe, na inakataza shughuli za kudumu za binadamu zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatangaza kwamba maji yote ni mali ya umma. Mwenye kiwanda hana mto. Ana kibali cha kutumia kiasi fulani, analipia ada, na anahitaji kibali kingine cha kutiririsha majitaka. Mahitaji ya binadamu na ya mazingira hutangulia mahitaji ya biashara. Vibali vya eneo hili husimamiwa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani yenye ofisi mjini Moshi. Pangani lilikuwa bonde la kwanza nchini kupata ofisi yake, mwaka 1991.

Udhaifu wa mfumo huo upo kwenye kipimo. Kibali kisicho na mita ni karatasi. Kampuni kubwa ina mahali pachache pa kuchotea maji, wahandisi na kumbukumbu, hivyo ni rahisi kuipima kuliko maelfu ya mifereji midogo. Kwa sababu hiyo hiyo, ndiyo inayopaswa kupimwa kwanza na kutoa takwimu zake hadharani. Mkulima wa mpunga hawezi kuelezwa afunge mfereji wake kwa zamu ilhali hajui jirani yake mkubwa amechota kiasi gani.

Uzoefu wa Arusha Chini una somo kwa viwanda vingine vya mji wa Moshi, viwe vya vinywaji, ngozi au nafaka. Kutumia vizuri kilicho ndani ya uzio ni ustadi wa biashara, na unastahili pongezi. Wajibu wa mazingira huanza pale kampuni inapoacha kitu ambacho ingeweza kukichukua. Katika bonde la Pangani kitu hicho ni maji, na mahali pa kuyahesabu ni mtoni, chini ya mfereji wa mwisho wa kiwanda, katika mwaka wa ukame.